Kitambaa chenye Uzi wa Kijani

Nyalenda, Kisumu
12 Julai 1990

Mdogo wangu Obeid,

Asalaam aleikum, wewe na mkeo na watoto. Sisi tungali hai. Idi ilipita bila wewe kwa mara nyingine, na sahani yako nilimwekea paka. Mvua imeng'oa bati la upande wa jikoni, na bomba la mtaa limekauka, kwa hiyo tunapanga mitungi kwa jirani yetu Dorca, yule muuza dagaa wa omena. Anakusalimu. Anauliza kama huko Voi kwenye mashamba ya mkonge kuna samaki au mnatafuna kamba zake.

Naandika kwa mkono wangu. Ukiona mistari inapanda na kushuka ujue ni miwani, mjukuu wetu aliikalia mwezi wa tano. Kwa kawaida Mariamu ndiye huniandikia na kunisomea, lakini hii sikuweza kumpa binti yangu aiandike. Jibu lako atanisomea yeye. Andika ukilijua hilo.

Obeid, Mariamu alipasuliwa tena tarehe ishirini na sita Juni. Yale maumivu ya tumbo aliyoanza nayo tangu alipojifungua kwa kisu kwenye kliniki ya Daktari Laban, unayakumbuka? Tuliambiwa vidonda vya tumbo. Tukaambiwa malaria. Mama mkwe wake akasema ni jini, tukampeleka kwa mganga ng'ambo ya Luanda Kotieno, tukavuka na kivuko huku anatapika njia nzima. Miaka miwili na zaidi, mtoto wa watu anakunywa dawa za kila rangi. Mwezi uliopita akaanguka sokoni, Salim mumewe akamkimbiza hospitali kubwa.

Wakatoa kitambaa. Nimeandika kitambaa, usidhani nimekosea. Kitambaa cha nguo, kimekunjamana, kimeoza, kimeshikana na matumbo yake. Daktari wa pale alituita mimi na Salim akatuonyesha ndani ya chupa, nami nikafumba macho, sikukitazama. Alisema, "Mama, hii kitu iliachwa ndani wakati wa upasuaji wa kwanza." Kisha akasema wamelazimika kumtoa kizazi. Ana miaka ishirini na mitatu, Obeid. Tangu siku ile cherehani yangu nimeifunika.

Dorca ndiye aliyenisukuma. "Mama Mariamu, hiyo si kitu ya kunyamazia. Enda kwa wakili hata kama utaenda na miguu." Nikaenda kwa wakili mmoja mwanamke, Nakhungu, ana ofisi ghorofani karibu na stendi. Anasema kesi ipo, lakini ni lazima ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kuisha tangu siku ya upasuaji ule, yaani kabla ya tarehe kumi na nne Machi mwakani. Na anataka mtu aliyekuwa ndani ya chumba siku ile.

Mtu huyo ni wewe. Ulikuwa msaidizi wa chumba cha upasuaji, kazi yako ilikuwa kuhesabu vitambaa. Ulitwambia mwenyewe, ukijisifu hapa sebuleni na chai mkononi. Basi niandikie ulichokiona, Mariamu apate haki yake.

Dada yako,
Zamzam


Voi
30 Agosti 1990

Kwa dada yangu mpendwa Zamzam, na kwa Mariamu anayesoma,

Nawasalimu nyote. Mimi na wa nyumbani kwangu ni wazima. Hapa jua ni kali, na wiki iliyopita tembo walivunja tangi la maji la shamba, tukaoga kwa kikombe siku tatu. Zahanati ya shamba ina kazi nyingi ndogondogo, mikono iliyochomwa na mkonge, macho, watoto wenye kuhara. Mwambie Dorca kamba zimetushinda kutafuna.

Mariamu, mwanangu, pole. Nilipofika penye habari yako niliketi juu ya ndoo, nikaisoma tena. Mungu akuponye.

Dada, kuhusu siku ile uliyoniuliza, wanawake waliojifungua kwa upasuaji pale walikuwa wengi, na mtu hawezi kukumbuka kila mmoja. Utaratibu ulikuwa ni kuhesabu vitambaa kumi kabla na kumi baada, na hesabu huandikwa kwenye daftari na kutiwa sahihi. Daktari Laban alikuwa mtu mwenye heshima zake. Mambo ya mahakama huchukua miaka na humaliza watu. Ingefaa kwanza Mariamu apate nguvu, na wewe utengeneze miwani yako. Tafadhali tengeneza miwani, dada, ndipo tuzungumze.

Wasalaam,
Obeid

Nimesahau. Hicho kitambaa kina utepe? Na ni nani anayekitunza?


Nyalenda
4 Oktoba 1990

Obeid,

Salamu. Maulidi ilikuwa njema, watoto walikula mpaka wakalala uani. Mariamu ameanza kutembea hadi dukani akishika ukuta. Mama mkwe wake alikuja, akakaa bila kuvua koti lake, hakunywa hata maji, akamwuliza Salim mbele yetu kama ataoa wa pili. Salim alimtoa nje. Nilimpenda sana kijana yule siku hiyo.

Miwani nimenunua, ya mtumba, jicho moja linaona na lingine linasaidia. Sasa najisomea. Barua yako Mariamu alinisomea kabla sijapata miwani, akauliza, "Mama, mjomba anakumbuka kila tembo aliyevunja tangi, mimi hanikumbuki?" Umesikia? Wewe ndiye uliyemsukuma kwenye kile kitanda cha magurudumu, mpwa wako wa pekee, nami nikikaa nje na kikapu cha uji. Kabla hata ya arobaini ya mtoto ukafunga virago ukaenda Voi. Tulisema ni mshahara.

Jumatatu nilikwenda kwa Nakhungu. Kliniki imemletea nakala ya daftari. Limeandikwa vitambaa kumi viliingia, kumi vilitoka, na sahihi ni yako, ile O yenye mkia. Nakhungu akasema, "Mama, kwa daftari hii daktari yuko msafi. Atauliza hiyo kitu ilitoka wapi, na sisi hatuna jibu." Kisha akaitoa ile chupa kabatini. Salim aliipata hospitali kwa barua ya wakili. Akaniwekea mezani nitazame, kwa kuwa safari hii nilikuwa na miwani.

Obeid, pindo ni langu.

Niliujua mshono wangu kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Pindo la mkono, mishono mifupi, na kila kona mafundo matatu kama alivyotufundisha marehemu mama. Na uzi ni wa kijani. Unakumbuka mwaka wa themanini na saba uliponiletea marobota ya kitambaa cha kliniki nipinde, dazeni baada ya dazeni, ili nipate riziki? Dazeni ya mwisho uzi mweupe uliniishia, nikamalizia na wa kijani uliobaki kwenye sare za shule. Ulicheka ukasema damu haichagui rangi. Kile kitambaa kilichooza ndani ya mwanangu nilikipinda mimi nikiwa nimeketi kibarazani hapa, naye Mariamu akinitilia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri.

Nakhungu aliniuliza, "Mama, unakijua?" Nikasema sikijui. Nilimwambia wakili wangu mwenyewe uongo, na sijui kwa nini.

Umeuliza habari ya utepe. Hakina.

Sasa nataka hesabu ya siku ile. Mimi nina miwani, Mariamu hatasoma. Usinipe tembo tena.

Zamzam


Voi
19 Novemba 1990

Dada yangu Zamzam,

Leo sina habari za nyumbani za kukupa isipokuwa kwamba mke wangu ananiuliza kwa nini siku hizi sili, na simwambii.

Namkumbuka Mariamu kila siku. Ilikuwa Jumatatu. Alinishika kidole kabla dawa ya usingizi haijamchukua, akaniambia, "Mjomba, usinifiche kitu." Mtoto alitoka salama, akalia, tukafurahi. Nikahesabu vitambaa vilivyotoka. Vilikuwa tisa. Nikahesabu tena, nikatazama chini ya meza, nikatazama kwenye beseni. Tisa. Nikasema, "Daktari, ni tisa." Daktari Laban alikuwa amesimama tangu alfajiri na mwanamke mwingine alikuwa anapiga kelele nje. Akasema, "Umehesabu vibaya. Andika kumi, tunafunga." Sista Perez, muuguzi wa pale, alinitazama, nami nikamtazama. Nikaandika kumi, nikatia sahihi. Ndivyo ilivyokuwa. Nilimwona Mariamu anashonwa nami nimesimama pale na kalamu.

Wiki zile za kwanza nilikuwa nikija kwako kila jioni kumwangalia kama ana homa. Ulidhani ni mapenzi. Hakuwa na homa, nikajiambia kweli nilihesabu vibaya. Hata hivyo sikuweza kuendelea kumtazama usoni, nikaondoka.

Sasa la pili, ndilo lililonifunga mdomo, na ndilo nililokuomba miwani kwa ajili yake. Sikutaka Mariamu alisome.

Utepe, dada. Nilikuletea marobota ya kitambaa na roli mbili za utepe mweupe. Kila kitambaa kilitakiwa kishonewe utepe kwenye kona moja, urefu wa mkono. Kitambaa kikiingia tumboni, utepe huachwa nje ya kidonda na kubanwa na koleo la chuma, ili hata kama watu wote wamechoka na hesabu imepotea, utepe unaonekana na kitambaa kinavutwa. Nilipokuja kuchukua ile dazeni ya mwisho ya uzi wa kijani haikuwa na utepe. Nilikuuliza, ukasema umeisha. Nilijua haukuisha, roli mbili zilitosha na kubaki. Lakini wewe ndiye uliyenilea baada ya mama, nisingeweza kukuuliza mara mbili. Nikamkabidhi Perez vile vitambaa hivyo hivyo, nikavichanganya na vyenye utepe. Perez anajua vilitoka mkononi mwako.

Nikitoa ushahidi, wakili wa daktari ataniuliza ni nani aliyeshona. Nikificha, watamwita Perez. Itasemwa mahakamani, na Mariamu atakuwa ameketi pale.

Nimekwenda mbele ya kamishna wa viapo hapa Voi, nikaapa yote, ile tisa na ile kumi na utepe. Karatasi imo ndani ya bahasha ya pili, nimeigandisha. Kwa karatasi hiyo kesi ina miguu, na mimi huenda nikapoteza kazi, nimekubali. Lakini uamuzi nakuachia. Ukitaka mpe Nakhungu. Ukitaka iweke jikoni iungue. Sitakulaumu kwa lolote.

Ndugu yako,
Obeid


Voi
28 Januari 1991

Dada,

Salamu nyingi. Mwaka mpya umeingia, mtoto wangu wa kwanza ameanza darasa la kwanza. Sijapata jibu lako tangu Novemba. Nimeuliza posta mpaka karani ananikimbia. Machi inakaribia.

Je, umeichoma?

Obeid


Nyalenda, Kisumu
13 Machi 1991

Mdogo wangu Obeid,

Asalaam aleikum. Mwandiko huu utauona ni wa Mariamu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asipunguze kitu.

Sote ni wazima. Dorca amevunjika mguu ufukweni Dunga akishuka kwenye mashua na karai la omena, amelazwa hapa kwetu na anatoa amri kama mwenye nyumba. Mwezi wa Ramadhani unakuja siku chache hizi. Mjukuu wetu atatimiza miaka mitatu kesho.

Sikuichoma. Niliiweka chini ya cherehani, mle kwenye kisanduku cha vifungo, na kila siku nilipokanyaga pedali nilijua ipo. Siku mia na zaidi. Nakhungu alituma mtu mara mbili kuuliza kama shahidi amepatikana, nikasema bado. Mariamu aliniuliza mwenyewe, "Mama, mjomba hajajibu?" Nikamwambia posta mbovu. Nilikuwa tayari tarehe ipite. Nakwambia kweli, nilikuwa naihesabu ipite, mwanangu akose haki yake ili asinijue.

Nitakwambia utepe ulikwenda wapi, maana hukuuliza mara ya pili na mimi sikusema kweli hata mara ya kwanza. Ilikuwa wiki ya arusi ya Mariamu. Wakwe walikuwa waje kutazama chumba na kitanda, unazijua desturi zetu na macho ya yule mama. Chandarua nilichomshonea kilikuwa na kingo zinazochanika, kitambaa rahisi. Nikautazama utepe ule mweupe, mzito, mzuri, umekaa mezani. Nikajiambia, kitambaa cha kufutia damu kinataka mkia wa nini? Nilidhani ni wa kuanikia kambani baada ya kufuliwa. Wallahi nilidhani ni wa kuanikia. Wewe hukuniambia kazi yake, nami sikukuuliza. Nikauzungusha kwenye chandarua chote, na vitanzi vinne vya kutundikia. Wakwe walikisifu.

Jumapili Mariamu alikuja kukaa nami mchana. Nilitoa barua yako chini ya cherehani nikampa. Nikamwambia, "Nisomee." Akacheka, akasema, "Na miwani umeivaa?" Nikasema, "Nisomee tu, kama zamani." Akaanza. Aliposoma tisa, sauti yake ilishuka, lakini aliendelea. Alipofika penye utepe aliinua macho. Nikamwambia, "Endelea." Akasoma mpaka mwisho, hakuruka neno. Kisha akaikunja kama ilivyokuwa, akanirudishia, akaenda nyumbani kwake bila kuaga. Nilibaki nimeketi, na Dorca kitandani akiita, "Mama Mariamu, kuna nini huko?"

Jumatatu alfajiri akarudi na chandarua begani. Tuliketi kibarazani. Akashika kingo, mimi nikafumua utepe wote, mshono kwa mshono. Nilipomaliza niliupima kwa mkono. Ulitosha vitambaa kumi na viwili.

Jana Jumanne tulikwenda kwa Nakhungu. Nilimpa karatasi yako na utepe na nikamwambia yote, hata ule uongo wangu wa chupa. Akavua miwani yake akaiweka mezani. Akasema, "Mama, umeniletea kesi na umenivunja moyo siku moja." Kisha akasema kosa letu haliondoi lile la daktari, aliambiwa tisa akafunga. Akapeleka faili mahakamani saa nane, siku mbili kabla ya mlango kufungwa. Utaitwa. Njoo, na ulale hapa kwangu, si hotelini.

Dada yako,
Zamzam

Mjomba, haya ya chini ni yangu, mama hayajui.

Kuna mstari mama alisema nikauruka, ingawa aliniambia nisipunguze kitu. Alisema niandike kwamba ameniomba msamaha na mimi nimempa. Ameomba, ni kweli. Mimi sijajibu, kwa hiyo sikuandika. Wewe pia umeomba kwa namna yako, na wewe pia sijakujibu.

Nilikwambia usinifiche kitu, na mlinificha nyote wawili, mkidhani mnanipenda. Labda mlinipenda. Inaniuma kulijua hilo.

Lakini chandarua nimekitundika tena kwa misumari, kingo zinachanika. Mama jana jioni alikuja na uzi kutaka kukipinda. Nilimwacha asimame mlangoni kitambo. Halafu nikamtilia uzi kwenye sindano.

Mariamu